Miezi Miwili Mingine

Msomaji mmoja wa Morogoro, mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta, ameniletea swali lenye hasira ndani yake. Amesoma habari za Pandora na mdogo wake Pyra, kompyuta za kiganjani zinazoendeshwa na Linux, ambazo hazikubuniwa na kampuni kubwa bali na wapenzi wa mashine hizo wenyewe. Kinachomkera ni tarehe. Oda za Pandora zilifunguliwa 30 Septemba 2008, na mashine za kwanza zikaanza kutumwa Mei 2010. Pyra ilifunguliwa oda Mei 2016, na waliotangulia kulipa wakangoja zaidi ya miaka minne. “Simu mpya zinatoka kila mwaka,” anaandika. “Hawa walikuwa wanafanya nini muda wote huo?”

Swali zuri, na jibu lake halimo kwenye Linux. Kwa hiyo Linux sitaieleza. Anayeuliza anaijua kuliko mimi. Historia nayo nitaipitia mbiombio. Mwaka 2005 kampuni ya GamePark Holdings ya Korea Kusini ilitoa GP2X, mashine ndogo ya michezo iliyotumia Linux, na watu duniani kote wakaanza kuiandikia programu. Baada ya muda walichoka kuombea maboresho wasiyopewa. Craig Rothwell, Michael Mrozek, Fatih Kılıç na Michael Weston wakaamua kutengeneza mashine yao. Walitaka kichakataji cha OMAP3530 cha Texas Instruments chenye kasi ya megahezi 600, RAM ya megabaiti 256, kioo cha inchi 4.3, kibodi kamili, vitufe vya michezo, na betri ya kukaa saa kumi hivi, vyote ndani ya kasha la sentimita 14 kwa 8 linalojikunja kwa bawaba. Bei ya mwanzo ilikuwa kama pauni 200. Toleo la kwanza: mashine 4,000.

Shikilia hizo 4,000, tutazirudia.

Walioagiza walikuwa watu wa programu. Mtu wa programu akikosea usiku, anasahihisha asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana marekebisho yamefika Brazili. Kosa halimgharimu kitu ila usingizi. Watu wa namna hiyo, wakiambiwa kwamba bodi inawaka na mfumo unafanya kazi, huona kazi imekwisha, kwa kuwa kilichobaki ni kasha tu. Na hilo “kasha tu” ndilo lililokula muda mwingi.

Chukua rimoti ya televisheni, toa kifuniko cha betri, ukigeuze uone upande wa ndani. Utaona viduara vidogo, laini, kila kimoja na upana wa punje ya mtama au zaidi kidogo. Pembeni mwa kifuniko utahisi kwa ukucha mstari mwembamba unaozunguka. Mahali fulani pana kovu dogo, kama plastiki ilikatwa hapo. Ukibahatika utaona na duara lenye namba 1 hadi 12 na mshale katikati. Huo ndio mwezi kipande chako kilipozaliwa. Kovu ni mlango plastiki ilipoingilia. Mstari ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Viduara ni alama za pini zilizokisukuma kipande kitoke.

Kalibu yenyewe ni mapande mawili ya chuma cha pua au chuma kigumu, mazito kiasi cha kuhitaji winchi. Hubanwa pamoja kwa nguvu ya tani nyingi, kisha plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani. Plastiki ya aina ya ABS, inayotumika kwenye makasha mengi ya vifaa vya umeme, huingia ikiwa na joto la nyuzi 230 hivi. Inajaa kila pembe kwa sekunde chache, inapoa, kalibu inafunguka, pini zinasukuma, kasha linadondoka. Kipande kinachofuata hakichukui hata dakika mbili. Ukiona mashine ikifanya hivyo utadhani makasha 4,000 ni kazi ya wiki moja, na kwa kweli ni kazi ya wiki moja, ukishakuwa na kalibu iliyo sahihi.

Sasa twende kwa fundi cherehani.

Fundi anayejua kazi hakati suti kwa kipimo kamili. Anapima kifua, kiuno, urefu wa mkono, kisha anakata kitambaa kikubwa kuliko alivyopima. Anapiga bandi, anakuita ujaribu. Kiuno kikipwaya anabana, bega likizidi anapunguza. Anafanya hivyo kwa sababu mkasi hufanya kazi upande mmoja tu: unapunguza, haurefushi. Aliyekata fupi hana njia ila kuunga kitambaa, na kiungo kitaonekana hata upige pasi ya namna gani. Ndiyo maana anakuambia uje Jumamosi, na Jumamosi anakuambia uje Jumatano. Anaogopa mkasi wake mwenyewe, na ana haki ya kuuogopa.

Mchonga kalibu ni fundi huyo huyo, ila kitambaa chake ni chuma na mkasi wake ni mashine za kusaga na cheche za umeme zinazokila chuma punje kwa punje. Na mteja wake ni plastiki. Hapa ndipo panaponifurahisha mpaka nimesahau chai. Mteja huyu haji na mwili wake. Anaupata humo ndani ya suti, kwa kumiminwa. Kila unapopunguza kitambaa kwa upande wa ndani, nafasi inaongezeka, na mteja ananenepa. Ukiacha kitambaa kingi, mteja anatoka mwembamba. Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza kwa kumkondesha mteja makusudi: nguzo ya skrubu anaifanya nyembamba kuliko michoro inavyotaka, tundu la kitufe analifanya pana kuliko linavyotakiwa. Kisha anatoa sampuli, anajaribu, anapunguza chuma kidogo, na mteja ananenepa kidogo. Anaendelea hivyo mpaka kitufe kinakaa bila kucheza wala kukwama. Akizidisha, mteja ameshanenepa, na hakuna mkasi wa kumrudisha. Chuma kinaweza kuongezwa kwa kuchomelea, lakini pale palipochomelewa patatofautiana na pengine, na alama itachapwa kwenye kila kasha litakalotoka.

Wachongaji wana jina la Kiingereza la mbinu hii ya kuacha chuma cha ziada. Mimi naiita akiba ya chuma, kama fundi anavyoacha akiba ya mshono kwenye sare ya mtoto. Nimependekezewa “ziada ya usalama” nikakataa. Hilo ni jina la fomu ya bima.

Na bado mteja huyu ana tabia nyingine mbaya. Akishavua suti, anasinyaa. ABS hupungua kwa kati ya asilimia 0.4 na 0.7 inapopoa. Kwenye kasha la milimita 140, nusu ya asilimia ni milimita 0.7. Unaweza kusema basi suti ishonwe kubwa kwa kiasi hicho, na ndivyo inavyofanywa, lakini mteja hasinyai sawasawa mwili mzima. Penye unene panachelewa kupoa, na panapochelewa kupoa pananywea zaidi na kuivuta ngozi ya nje ndani. Muda wa kupoa hukua kwa kipeo cha pili cha unene: ukuta wa milimita 3 unachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa ukuta wa milimita 2. Ndiyo sababu mbavu za ndani za kasha, zile za kulitia nguvu, huwekwa nyembamba, kama nusu ya unene wa ukuta. Mbavu zikiwa nene, upande wa nje utabonyea kwenye mstari wa ubavu, na mnunuzi atapitisha kidole hapo na kusema kitu hiki ni cha bei rahisi.

Sasa fikiria kasha la Pandora. Lina kifuniko chenye kioo, bawaba, mwili wa juu wenye matundu ya kibodi, vitufe vya michezo, visukumio viwili vya vidole gumba, vitufe vya mabega, nafasi mbili za kadi za kumbukumbu, na mlango wa betri. Kila kimoja ni tundu au nguzo inayotakiwa kukutana na kitu kilichotengenezwa mahali pengine, na fundi mwingine, kwa plastiki au mpira unaosinyaa kwa kiasi chake chenyewe. Kitufe kikikwama huwezi kujua mara moja aliyekosea ni tundu, ni kitufe, au ni mkeka wa mpira ulio chini yake. Kujua, lazima sampuli ipande ndege, ifunguliwe, ipimwe, michoro isahihishwe, irudi kwa mchongaji, chuma kipunguzwe, sampuli nyingine itoke. Kila mzunguko ni wiki kadhaa. Kalibu nyingi za dunia huchongwa China, na Mwaka Mpya wa Kichina ukiangukia katikati, viwanda hufungwa na mzunguko husimama.

Hapo ndipo ule utani maarufu wa waliokuwa wakiingojea Pandora unapoeleweka. Kila walipouliza lini, jibu lilikuwa miezi miwili. Miezi miwili ikipita, jibu likawa miezi miwili. Ikageuka kicheko, watu wakaanza kuitumia kama kipimo cha muda kisicho na mwisho. Wengine waliona ni ulaghai. Mimi naona ni hesabu ya kweli kutoka kwa watu waliokaa mahali pabaya pa kuhesabia. Ukiwa katikati ya mzunguko, unaona kosa moja tu, lile lililo mbele yako. Unajua likisahihishwa kinachobaki ni uzalishaji na usafirishaji: miezi miwili. Kosa la pili halionekani mpaka la kwanza liondoke, kwa sababu kitufe kilichokwama hakiwezi kukuonyesha kwamba kikilegea kitacheza. Kwa hiyo kila siku, kwa uaminifu kabisa, umebakiza mzunguko mmoja.

Kwa nini basi kampuni ya simu haikwami hivyo? Inakwama, ila ina pesa ya kukwama haraka. Tuseme kalibu zote za kifaa zinagharimu dola 40,000. Zigawe kwa mashine 4,000: dola 10 kila moja. Zigawe kwa simu milioni nne: senti moja. Mwenye milioni nne anaweza kuchonga seti tatu sambamba, akatupa mbili, na mhandisi wake akahamia mlangoni mwa kiwanda. Mwenye 4,000 ana seti moja, na anaigusa kwa woga.

Si kasha peke yake, nakubali. Malipo ya kadi ya wengi waliotangulia yalirudishwa, ikabidi walipe upya kwa njia nyingine. Bodi zilisumbua, na baadaye utengenezaji wake ukahamishwa kutoka Marekani kwenda Ujerumani. Wapo waliolipa mapema ambao mashine haikuwafikia. Waya bapa wa kioo, unaopita ndani ya bawaba, uligeuka kuwa sehemu dhaifu. Anayenunua Pandora iliyotumika aanze kwa kufungua na kufunga kifuniko huku akiangalia kioo. Na neno “huria” lina mipaka yake hapa: kiendeshi cha picha cha PowerVR hakikuwa wazi kama vilivyokuwa vingine.

Hasara kubwa ya kungoja iko kwenye kichakataji. Chuma hakizeeki, ila chipu huzeeka. Pyra, iliyosimamiwa na Mrozek kutoka Ingolstadt, Ujerumani, ilichagua OMAP5432, yenye viini viwili vya Cortex-A15 na kasi ya gigahezi 1.5. Mwaka 2012 Texas Instruments ilitangaza kuachana na soko la chipu za simu. Oda zilipofunguliwa 2016, ukoo wa OMAP ulikuwa hauna mtoto mwingine wa kusubiriwa. Mashine ilipoanza kuwafikia watu, simu za bei ya chini dukani zilikuwa na kasi zaidi.

Wabunifu wa Pyra walikuwa wameliona hilo, na suluhisho lao linaonyesha kwamba chuma kilikwisha kuwafundisha. Bodi ya ndani waliigawa. Kichakataji na RAM vinakaa kwenye bodi ndogo ya peke yake, inayochomekwa kwenye bodi kubwa yenye vitufe, betri na matundu ya waya. Kioo nacho kina bodi yake. Matundu yote yanayokutana na kasha yako kwenye bodi kubwa, ambayo haibadiliki. Anayetaka kuleta chipu mpya kesho anachora bodi ndogo tu, anaichomeka mahali pa ile ya zamani, anafunga skrubu. Kalibu haiguswi hata kidogo.