Wageni wa Desemba na gunia la mbegu



Simu ninazopokea kila Januari huwa zinafanana. "Bwana shamba, mbegu ya mpunga naipata wapi?" Nikiuliza ile uliyotenga Julai iko wapi, kimya kidogo, halafu: "Tulikuwa na wageni."

Kwetu huku wengi ni Waislamu, lakini Krismasi inatuhusu wote. Shule zimefungwa, watu wa Dar wana likizo, ndugu wanapanda gari Mbagala na watoto, wanashuka Kibiti, wengine wanaendelea hadi Nyamisati kuwahi boti. Wanakuja kula wali wa nyumbani, na karibu sana. Shida ni wakati. Mpunga tumevuna Juni na Julai, na Desemba hii ndiyo tunatayarisha mashamba na kuanza kupanda. Kwa hiyo kwenye chumba kimoja kuna chakula, kuna mbegu, na kuna mzigo unaosubiri bei ipande. Mama akiingia na ungo haoni tofauti. Anaona mpunga.

Kuna kijana mmoja wa upande wa delta, analima ekari tatu kwa kumwaga mbegu. Alitenga gunia moja la Supa safi, kalichambua mwenyewe. Tarehe 27 mchele wa ndani ukaisha, mashine ya kukoboa iko ng'ambo ya mto, nyumbani kuna wageni kumi na wanne. Akina mama wakalifungua lile gunia, wakatwanga kidogo kidogo. Hadi wageni wanaondoka, gunia limebaki kitambaa. Januari akanunua mpunga wa kula sokoni, mchanganyiko, akamwaga. Shamba likaiva vipande vipande, suke hili limekauka na la pembeni bado kijani. Siku ya kuuza mnunuzi akashika punje mkononi, akacheka, akampunguzia bei. Wale wageni alikuwa amewalisha kwa mavuno ya mwaka mzima uliofuata.

Sasa tupige hesabu, na tuipige kabla ya tarehe 15. Mtu mzima kwa mlo mmoja mpe robo kilo ya mchele, mtoto nusu ya hapo. Nyumba ya watu wazima ishirini, wali mara moja kwa siku, ni kilo 5. Siku kumi na mbili ni kilo 60. Gunia la mpunga la kilo 100 ukilikoboa unapata kama kilo 60 hadi 65 za mchele. Kwa hiyo wageni hao ni gunia moja, na mkila wali mchana na usiku ni magunia mawili. Kama kwenye hesabu zako za chakula hayamo, yatatoka kwenye mbegu au kwenye mzigo wa kuuza. Mimi nashauri uyaandike kwenye daftari la biashara kama umeuza: nyumbani, magunia mawili, bei ya leo. Usiandike kwa uchoyo. Andika ili Februari usije ukajiuliza faida imekwenda wapi.

Mbegu nayo ina hesabu yake. Wa kupandikiza, kilo 8 hadi 10 kwa ekari zinatosha. Wa kumwaga, kilo 30 hadi 40. Pima, ongeza kidogo ya kurudishia, funga, andika kwa rangi nje ya mfuko MBEGU, SI CHAKULA. Halafu itoe kabisa ndani ya nyumba inayopika. Peleka kwa jirani au kwa bibi, mradi pawe pakavu na pameinuka. Waliopitia mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuambiwa kwa nini nasema pameinuka. Na kama mbegu ulishaitia dawa, hili siyo suala la hasara tena, ni suala la sumu. Shangazi aliyefika jana hajui ulichochanganya humo. Mwambie kila anayeingia jikoni, kwa mdomo, usitegemee maandishi.

Chakula cha wageni kikoboe mapema, kama tarehe 18 hadi 20, maana mashine zina foleni na umeme nao una siku zake. Lakini usikoboe zaidi ya mnachokula. Mpunga ndani ya ganda lake unavumilia. Mchele kwenye joto na unyevu wa huku unaanza kupata fukusi na harufu mapema.

Wenye mahindi kwenye mifuko ya kinga njaa, nisikilizeni. Mfuko ule unaua wadudu kwa kukosa hewa. Ukiufungua kila asubuhi kutoa debe la kusaga, umewarudishia hewa dumuzi na fukusi, na umebaki na mfuko wa kawaida uliounulia kwa bei kubwa. Fungua mmoja tu, toa cha wiki mbili uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, kamua hewa, funga tena. Mingine isiguswe.

Muhogo usiung'oe mwingi kwa kujiandaa. Ukishang'olewa, siku mbili tatu unaanza kuharibika ndani. Ukiwa ardhini unakusubiri. Chai ya asubuhi ya watu ishirini kwa muhogo wa kuchemsha na nazi inakuokolea unga na hela. Nazi ziache na makumbi yake mpaka siku ya kukuna. Kuku na mbuzi wakae bandani wakiwa hai hadi siku yenyewe, usiamini friji, na mchinjaji awe yule ambaye nyama yake wageni wote wataila.

Na waambie ndugu waje na vya dukani: sukari, mafuta, unga wa ngano. Wengi huwa wanasubiri tu kuambiwa. Wakikaa zaidi ya siku tatu, majembe yapo, na Desemba shambani kazi ipo kweli.

Kwa ambaye anasoma hii na gunia limeshafunguliwa: chukua ulichobakiza, au unachotaka kununua kwa jirani anayelima aina moja tu, hesabu punje 100. Zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka kivulini, kitambaa kisikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 80 kwenda juu, panda. Zikiwa 60 au 70, ongeza kiasi cha mbegu kwa ekari. Chini ya hapo ukoboe tu uwapikie wageni, na unipigie mapema tutafute nyingine kabla mvua haijakolea.