Mvua Ikifunga Mlango: Michezo ya Ndani katika Bonde la Mbwemkuru

Kwa watoto wa Nachingwea na Ruangwa, kufungiwa ndani huja na mvua. Huku kusini mvua ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, ikaendelea mpaka Aprili, na mwaka mwingine ikaingia Mei. Wengine huuita msimu huo masika, wengine kifuku. Shule hufungwa mapema Desemba, mawingu yanapoanza kujikusanya juu ya bonde la Mbwemkuru na wazazi wanapokimbizana na mbegu mashambani. Nyumba ya vyumba viwili hujaa watoto wasio na pa kwenda, uwanja umekuwa tope, na kufikia saa nne asubuhi kuna aliyekwisha kumpiga mwenzake kwa mwiko.

Mzazi anayetaka kuwatuliza aanze kwa kusikiliza paa. Chini ya bati, mvua kubwa ikishika, hakuna hadithi inayosikika, na msimulizi atapasua koo bure. Saa hiyo ni ya michezo ya mikono na macho. Mdako unafaa sana: kokoto humwagwa ndani ya duara lililochorwa sakafuni kwa mkaa, mchezaji hurusha moja juu, na kabla haijatua awe amezoa nyingine na kuidaka ile iliyoruka. Nje mdako huchezewa kwenye kishimo. Ndani duara linatosha, maana hakuna mama atakayekubali sakafu yake ichimbwe.

Mfalme wa michezo ya siku ya mvua, hata hivyo, ni bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, kila mchezaji 32. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Wakubwa huanza na kete kumi tu ubaoni: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kuanzia huko kwenye ugumu. Asambaze kete mbili mbili katika kila shimo, ajifunze kuhesabu zinakoishia, na aone mwenyewe jinsi kosa la shimo moja linavyomfilisi. Hesabu ya kujumlisha na kutoa ambayo darasani ilimtoa machozi, hapa anaifanya akicheka, tena kwa kasi.

Nyumba isiyo na ubao haikosi njia. Trei mbili za mayai zinatosha. Kila trei ina safu tano za vishimo sita. Ukikata kipande cha safu nne kwa nne katika kila moja na kuvibandika vipande viwili ubavu kwa ubavu, umepata mashimo 32 kamili. Njugu mawe hugeuka kete. Tahadhari ni moja tu: mdogo anayetambaa akae mbali, kwa kuwa kila akiokotacho hukipeleka mdomoni.

Mvua ikipungua na kuwa manyunyu, sauti za watu hurudi. Hapo ndipo kitendawili kinapopata nafasi. Anayetega huita, wengine hujibu “Tega!”, na wakishindwa humpa mji, naye huuzunguka mji huo kwa maneno ya mbwembwe kabla ya kufichua jibu. Watoto hupenda sana sehemu hii ya mji, pengine kuliko jibu lenyewe, na mzazi mwerevu huwaachia watambe. Vitendawili vya zamani vikiisha, watunge vyao kwa vitu vilivyomo chumbani: chandarua, kibatari, mwiko, paka aliyejikunja juu ya gunia la ufuta. Kutunga ni kugumu kuliko kujibu, kwa hiyo kunakula muda, na muda ndio unaotafutwa.

Kuhusu hadithi, sungura na fisi hawajachoka. Lakini wakazi wa bonde hili wana kisa kingine cha kweli ambacho watoto wengi hawajawahi kusimuliwa. Kilima cha Tendaguru kiko kusini mwa mto Mbwemkuru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walifukua huko mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kazi kubwa ya kuchimba ilifanywa na mamia ya wenyeji, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa mabega na vichwa vya wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mifupa ya mmoja wa wanyama hao imesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, urefu wake kutoka sakafu hadi utosi ukiwa mita 13.27. Mpe mtoto kipande cha mkaa na ukuta wa nyuma, kisha muulize nyumba ngapi kama yao zingepangwa moja juu ya nyingine kumfikia mnyama huyo kichwani. Nusu saa itapita bila ugomvi.

Kazi nazo huwa mchezo zikitolewa kwa akili. Kumenya karanga ni mfano mzuri, na Nachingwea ni mahali pa kufaa kuzungumzia karanga: mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa zao hilo, wakajenga hata reli kutoka Mtwara, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, reli nayo ikang’olewa baadaye. Watoto wakishindana nani atajaza kikombe kwanza, sufuria ya jioni inakamilika yenyewe. Korosho ghafi ni jambo jingine. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na si kazi ya vidole vya mtoto.

Penye umeme au simu ya kisasa, katuni hushinda vyote hivi kwa urahisi. Si vibaya. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa 2014 kutoka Dar es Salaam, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na ni afadhali mara nyingi kuliko kelele zisizoeleweka lugha. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya kukaa mbele ya skrini kwa siku. Wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe kabisa. Mwongozo huohuo unataka watoto wadogo, kuanzia mwaka mmoja hadi minne, wapate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Saa tatu ni nyingi kwa chumba kidogo, kwa hiyo nje hakukwepeki.

Manyunyu hayaui. Norwe na Ufini watoto wa chekechea hutolewa nje kila siku hata theluji ikianguka. Mtoto wa Ruangwa aliyelowa akabadilishwa nguo na kupewa uji wa moto hatapatwa na neno. Cha kuogopwa ni mafuriko ya mito na radi, na radi yenyewe ina mchezo wake. Umeme ukimulika, watoto waanze kuhesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, kisha wagawanye kwa tatu: hizo ndizo kilometa. Jibu likiwa chini ya kumi, hakuna kutoka, na mwembe au mkorosho si mahali pa kujificha.

Ndani nako kuna hatari yake. Jiko la mkaa halifai kuletwa kwenye chumba kilichofungwa madirisha ili kukausha nguo au kuwapasha watoto joto. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na imeua familia nzima usingizini.

Jioni, mvua ikikatika, wapeni kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya shule. Kopo likae uwanjani usiku kucha, mbali na paa na miti, na asubuhi maji yapimwe kwa milimita. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 30 za mraba likinyeshewa milimita 20, limemwaga lita 600, sawa na ndoo 30 za lita ishirini. Aliye darasa la tano anaweza kuikokotoa hesabu hiyo, wadogo wakagombania nani asome rula, na simu ya mzazi ikatumika kumuuliza binamu aliyeko Nachingwea kopo lake limesoma ngapi.