Wajumbe wa Kusadikika Wafika Hulugho

Safari ya kazi ilinifikisha Hulugho, mji mdogo wa wafugaji katika Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Nilikuwa nimeketi chini ya mgunga na kitabu changu kilichochakaa, mzee mmoja mwenye ngamia akanisalimu, kisha akauliza, "Maalim, hiyo ni tafsiri?"

"La, mzee wangu. Hii ni hadithi ya nchi iliyo angani."

Kilikuwa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951. Nikamhadithia. Waziri Majivuno amshtaki Karama kwa kosa la kufundisha uanasheria. Karama ajitetea siku sita, na kila siku ataja mjumbe mmoja: wa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alitiwa gerezani.

Mzee akanywa chai yake ya maziwa ya ngamia, akasema, "Majivuno simshangai. Nawashangaa waliokaa barazani wakimsikiliza. Hapakuwa na mtu?"

Ndugu msomaji, miaka yote nimesoma kitabu hiki nikimtazama waziri tu. Kumbe dhalimu mmoja hana mikono ya kufunga watu sita. Huazimwa mikono na wanaonyamaza. Na hunyamaza kwa kuwa aletaye habari ya kututaka tubadilike, sisi wanadamu humwona adui.

Kaskazini Mashariki yayajua hayo. Sheria ya hali ya hatari ilikaa huko tangu Desemba 1963 hadi 1991. Baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika vilio vya watu, yakiwemo mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Ripoti ilikabidhiwa Rais Mei 2013.

"Mjumbe wetu hakutiwa gerezani," alisema mzee. "Alitiwa kabatini."

Nikammalizia hadithi: mfalme wa Kusadikika mwishowe alisikia, akamwachilia Karama, na wajumbe wakafunguliwa. Uongozi wake haukuonekana katika kiti, ulionekana katika sikio. Mzee akaniomba kitabu, ili mjukuu wake amsomee. Nikakiacha.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kumsikiliza, hilo walituachia sisi.