Lugha Moja, Matoleo Mawili

Lugha ya kompyuta iitwayo Python, aliyoitunga Mholanzi Guido van Rossum na kuitoa hadharani mwaka 1991, ilipata toleo la tatu mwezi wa Desemba 2008. Toleo hilo halikupatana na la pili. Baadhi ya tofauti zilijidhihirisha mara moja: amri ya print ikiandikwa bila mabano, programu ilikataa kwenda. Tofauti nyingine zilijificha. Katika toleo la pili 7/2 ilikuwa 3. Katika la tatu ni 3.5. Maandishi ni yale yale, bali maana imegeuka, na hesabu yaweza kuharibika pasipo mtu kujua.

Watunzaji wa programu huria, ambao aghalabu hujitolea bila ujira, hawakuweza kuwaacha watu waliokuwa bado wanatumia toleo la zamani. Ikawapasa kuandika msimbo usomekao katika yote mawili, na kulijaribu kila badiliko mara mbili. Waliandika 7//2, ambayo ni 3 kotekote. Chombo kimoja cha kuwasaidia kiliitwa six, kwani mbili mara tatu ni sita. Muhula wa 2015 uliongezwa, hata toleo la pili likaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020.