Usikate Fremu ya Kruza

Swali ni lilelile, kila mara limebadilisha nguo tu: "Fundi, nina baiskeli aina ya kruza, ya inchi 26. Nikikata fremu nyuma nikaunga kipande, itapokea ringi ya 28?" Itapokea. Hata kitanda kitapokea ringi ya 28 ukikikata vizuri. Unaitakia nini hiyo 28? Hapo ndipo jibu linapotoka, na nimelichoka: eti gurudumu kubwa linakimbia zaidi kwa nguvu zilezile.

Haya, tuhesabu. Tairi la kruza la 26 x 2.125 linakaa kwenye ringi ambayo kipenyo chake pale tairi linapokaa ni milimita 559. Jumlisha unene wa tairi pande zote mbili, unapata kama 667. Ringi ya 28 x 1½, ile ya baiskeli nyeusi za kubebea mizigo, ni 635. Ikivaa tairi lake inafika kama 715. Tofauti ni asilimia 7. Ukizungusha pedeli mara moja utasogea asilimia 7 zaidi, na kilima nacho kitalidai goti lako asilimia 7 zaidi. Hakuna cha bure hapo, umepandisha gia tu. Na gia hupandishwa kwa sproketi: toa ya nyuma yenye meno 18, weka ya meno 17, umepata karibu asilimia 6, bila msumeno wala gesi. Watu wanachomelea fremu nzima kutafuta jino moja!

"Lakini baiskeli nyeusi ya babu, Phoenix, ilikuwa inateleza." Ilikuwa inateleza kwa sababu tairi lake lilikuwa jembamba, limejaa upepo, na babu alikuwa anaitia cheni mafuta. Wewe kruza yako ina tairi nene lililojaa upepo nusu, na cheni inalia mpaka jirani anajua umerudi. Anza na pampu.

Sasa tuje kwenye huko kukata. Mabomba mawili ya nyuma yanayokumbatia gurudumu ni membamba, ukuta wake ni milimita moja au zaidi kidogo. Fundi akiunga kipande kwa moto, mara nyingi kiungo chenyewe hakivunjiki. Kinachovunjika ni chuma cha pembeni yake, kilichopikwa kikapoa ovyo. Dalili ya kwanza ni ufa wa unywele kwenye rangi, ukingoni una kutu nyekundu. Ukiuona huo, shuka, usukume mpaka nyumbani. Na hata kisipovunjika, bomba moja likizidi mwenzake kwa milimita mbili, gurudumu linakaa upande na cheni inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Fremu ya alumini ndiyo usiguse kabisa: nyingi huimarishwa kiwandani kwa joto la kipimo maalumu, na moto wa gereji unaondoa uimara huo kwa dakika chache. Kuhusu kurefusha miguu ya foku, sijadili. Nyuma ikikatika unaanguka. Mbele ikikatika unatua kwa uso.

Halafu mtu anainua nyuma peke yake, mbele anaacha 26. Baiskeli nzima inainama mbele zaidi kidogo ya digrii moja, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, kisha analaumu usukani.

Kinachonishangaza ni kwamba kruza ndiyo baiskeli isiyohitaji haya yote. Schwinn wa Chicago walipoleta tairi nene mwaka 1933, fremu ziliachiwa nafasi pana ya kulipitisha. Miaka ya 1970 vijana wa California walichukua kruza hizohizo kuukuu wakashuka nazo milimani, na baiskeli za milimani zilizozaliwa hapo zikarithi ringi ya 559. Kwa hiyo ringi ya "mauntenibaiki" ya mtumba ya inchi 26 inapokea tairi la kruza moja kwa moja. Ila 26 si 26 moja. Baiskeli nyingi za mtumba za Kijapani zina 26 x 1⅜, na ringi yake ni 590. Ikivaa tairi lake inafika 664, karibu sawa kabisa na kruza, lakini tairi la moja haliingii kwenye ringi ya nyingine hata ulipigie magoti. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile yenye kistari: 54-559, 37-590. Maneno ya muuzaji yaache.

Kama bado unataka kubadilisha, haraka haraka. Ringi ya 622 yenye tairi la milimita 32 inafika 686, yaani juu inakula kama milimita 10 tu, na kwenye kruza nyingi inapita bila kukata chochote. 584 yenye tairi la wastani ni hivyohivyo. Ringi ya 635 mara nyingi inagota. Acha angalau milimita 6 kati ya tairi na fremu, na uvue madgadi kabla ya kupima. Ukishuka kwenye inchi 24, pedeli zitagusa chini kwenye kona. Usinunue gurudumu zima la nyuma: kruza yenye breki ya kukanyaga kinyumenyume ina upana wa kama milimita 110 pale habu inapokaa, habu nyingi za baiskeli za milimani za mtumba zina 135, na huwezi kupanua fremu kiasi hicho. Baki na habu yako, hesabu matundu yalingane na ya ringi mpya, nunua spoku za urefu unaofaa, fundi azifunge upya. Breki za kubana ringi hazitafika tena pale zilipokuwa zinabana, tafuta zenye mikono mirefu au mifupi kulingana na ringi. Na ule mkono wa breki ya kukanyaga, ulio kushoto mwa habu, ufungwe kwenye bomba la fremu kwa kibano chake na nati. Nimeona umefungwa kwa waya. Waya ukikatika huna breki ya nyuma, na mkono wenyewe unazunguka.