Upikaji wa bia kwa mfuko wa kuchujia

Upikaji wa bia kwa mfuko wa kuchujia ni njia ya kutengeneza bia nyumbani ambapo kimea hulowekwa katika maji ya moto kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo. Baada ya saa moja hivi mfuko huinuliwa pamoja na makapi yake, na maji matamu yanayobaki huchemshwa katika sufuria ileile. Njia hii ilienea kutoka Australia katika miaka ya 2000 na hujulikana kimataifa kwa kifupi BIAB.

Katika njia iliyotangulia, wapishi wa nyumbani hutumia vyombo vitatu: cha kupashia maji moto, cha kulowekea kimea na cha kuchemshia. Hapa sufuria moja hufanya kazi zote. Gharama hupungua, lakini sufuria na mfuko vikichaguliwa vibaya hakuna chombo kingine cha kuziba pengo.

Jinsi njia inavyofanya kazi

Kimea ni nafaka, kwa kawaida shayiri, iliyooteshwa kisha kukaushwa. Huparazwa ili punje zipasuke, halafu hutiwa katika maji. Vimeng'enya vilivyomo ndani yake hugeuza wanga kuwa sukari, na hufanya kazi hiyo vizuri kwenye nyuzijoto za Selsiasi 65 hadi 68. Mfuko ukishatolewa, maji matamu huchemshwa pamoja na maua ya hopi, ambayo huleta uchungu na harufu ya bia. Mwishoni hupozwa na kutiwa hamira.

Sufuria

Sufuria ndiyo kifaa cha kwanza kuchaguliwa, kwa kuwa ukubwa wake huamua kiasi cha bia. Kwa mfano, lita 20 za bia ya nguvu ya wastani huhitaji karibu kilo 5 za kimea. Kimea hicho hubaki na lita 3 hivi za maji, mvuke huchukua lita 4 hivi katika saa moja ya kuchemsha, na lita 2 hivi hubaki chini pamoja na masimbi. Hivyo maji ya kuanzia ni karibu lita 29. Kimea kikitumbukizwa, ujazo hupanda hadi lita 32 au zaidi. Sufuria ya lita 30 itafurika. Ya lita 40 inafaa. Kanuni rahisi ni kwamba sufuria iwe na ujazo mara mbili ya bia inayotakiwa.

Sufuria za alumini ni nafuu na hupitisha joto haraka. Za chuma cha pua ni ghali zaidi, lakini hudumu na husafishwa kwa urahisi. Jiko la kawaida la jikoni huweza kutosha kwa lita 10 za bia; kiasi kikubwa zaidi huhitaji jiko la gesi lenye moto mkali, ambalo huwashwa nje au mahali penye hewa ya kutosha kwa sababu ya hatari ya gesi ya kaboni monoksidi.

Mfuko

Kitambaa kinachotumika sana ni cha poliesta au nailoni, chenye matundu yanayopitisha maji na kuzuia makapi. Mfuko mzuri huenea sufuria nzima kama bitana na kukunjwa nje ya ukingo, ili kimea kielee kwa nafasi. Mfuko mdogo hubana kimea, katikati hubaki pakavu, na sukari hupotea. Mishono iwe ya mara mbili, na mikanda ya kuinulia ipite chini ya kitako.

Poliesta na nailoni hazidhuriwi na maji yanayochemka, lakini huweza kuungua zikigusa kitako cha sufuria juu ya moto. Kwa hiyo huwekwa sahani ya chuma yenye matundu chini, au moto huzimwa wakati wa kuloweka na sufuria hufunikwa kwa blanketi.

Kilo 5 za kimea kilicholowa huweza kufikia kilo 10 zinapoinuliwa, zikidondosha maji yanayounguza. Kamba na roda iliyofungwa kwenye boriti imara ni salama kuliko mikono.

Vifaa vingine

Kipimajoto ni cha lazima, kwa sababu joto la juu mno huharibu vimeng'enya. Haidromita hupima sukari iliyomo katika maji na huonyesha kama uchachu umekwisha. Bia ikitiwa chupani kabla ya hapo, gesi huongezeka na chupa huweza kupasuka.

Chombo cha kuchachushia huwa ndoo au dumu la plastiki ya kuhifadhia vyakula, lenye mfuniko na kifaa kidogo cha kutoa gesi bila kuingiza hewa. Kwa lita 20 za bia hutakiwa chombo cha lita 25 hadi 30, ili povu lipate nafasi. Kila kinachogusa bia baada ya kupozwa lazima kioshwe na kuuliwa vijidudu, la sivyo bia huchachuka vibaya.

Uhusiano na pombe za kienyeji na sheria

Kuchuja makapi ya nafaka si jambo geni Afrika Mashariki: busaa ya magharibi mwa Kenya huchujwa pia. Tofauti ni kwamba busaa huchujwa baada ya kuchacha, ilhali hapa makapi hutolewa kabla.

Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963, na sheria ya shirikisho ya Marekani iliruhusu mwaka 1978. Kwingineko leseni huweza kuhitajika hata kwa matumizi ya nyumbani, hivyo sheria ya mahali hutazamwa kabla ya kununua vifaa.