Hesabu ya Haraka na Usalama wa Dozi

Mtoto mwenye uzito wa kilo 12 amefikishwa kituo cha afya akiwa na homa. Ameandikiwa parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Chupa iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, yaani miligramu 24 katika mililita 1. Mhudumu anayetumia lugha ya kompyuta iitwayo Python huweza kuandika 12 * 15 / 24 na kujibiwa papo hapo: 7.5. Mtoto atapewa mililita saba na nusu.

Huo ndio uzuri wa hesabu ya papo kwa papo: mtu huuliza, kompyuta hujibu, wala hapana haja ya kuandika programu nzima. Namna hii si ngeni katika tiba. Lugha ya MUMPS, iliyobuniwa katika miaka ya 1960 kwenye hospitali ya Massachusetts General, Boston, nchini Marekani, huruhusu amri kufupishwa hadi herufi moja. Ufupi huo humrahisishia kazi anayeandika, lakini humtaabisha atakayesoma baadaye.

Hatari ya hesabu ya haraka ni kwamba namba zake ni tupu, hazina vipimo. Mhudumu akisahau kwamba miligramu 120 zimo katika mililita 5, akaandika 12 * 15 / 120, kompyuta itajibu 1.5 bila kusita. Mtoto atapata sehemu moja ya tano ya dozi. Homa itaendelea, na huenda ikadhaniwa kuwa dawa haifai.

Zipo lugha zilizoundwa kuziba pengo hilo. Katika lugha ya F#, kila namba yaweza kubeba kipimo chake. Miligramu zikigawanywa kwa miligramu, jibu haliwi mililita. Hivyo kosa hilo hukataliwa kabla programu haijaanza kufanya kazi. Ulinzi huu hudai maandalizi, kwa hiyo hufaa zaidi hesabu inayorudiwa kila siku na watu wengi kuliko swali la mara moja.

Hata hivyo, ustadi wa lugha una mpaka. Uzito ukiandikwa kilo 120 badala ya 12, bado ni kilo. Lugha itaupokea, na jibu litakuwa mililita 75. Kosa hilo huzuiwa na kanuni aliyoiweka mtunzi wa programu ya kukataa uzito usiolingana na umri, na zaidi ya hapo, na jicho la mtu.

Kwa hiyo inafaa mhudumu aandike kipimo kando ya kila namba, na mwenzake arudie hesabu kabla dawa haijatolewa. Mzazi naye ana haki ya kuuliza mambo matatu: uzito uliotumika ni upi, dawa ni mililita ngapi, na itolewe mara ngapi kwa siku. Maswali hayo huchukua muda mfupi, nayo huweza kufichua kosa ambalo kompyuta haikuliona.